Hedhi inapotea miezi mitatu na mwili unaongezeka: je, mimi ni mgumba?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni binti mwenye umri wa miaka 22, ninaishi Mwanza na ninafanya kazi katika kibanda cha miamala ya simu. Nilivunja ungo nikiwa na miaka 13. Miaka ya mwanzo hedhi ilikuwa ikija karibu kila mwezi, lakini tangu nilipofikisha miaka 19 inaweza kupita miezi miwili au mitatu bila kuona chochote, kisha ikija inatoka kwa siku kumi au zaidi, na siku nyingine ninabadilisha taulo ya kike mara sita au saba. Mwaka jana, kwa hesabu niliyoandika kwenye daftari, niliingia kwenye siku zangu mara tano tu.

Katika kipindi hicho hicho uzito wangu umetoka kilo 58 hadi kilo 79, nami si mrefu, nina sentimita 160. Watu wananiambia nimenawiri, na wengine wananiuliza ninakula nini, ilhali sili sana. Asubuhi ninatoka bila kunywa chai, mchana ninapata soda na maandazi kwa sababu siwezi kukiacha kibanda, na usiku ndipo ninapokula nikashiba. Nimeota ndevu kidevuni ambazo ninazinyoa kwa wembe kila baada ya siku mbili, chunusi hazinitoki, na shingo yangu imekuwa nyeusi kwa nyuma kiasi kwamba mama ananisugua kwa dodoki akidhani siogi vizuri. Kwa ajili ya weusi huo na chunusi, nina mwaka mmoja ninapaka krimu ya kung'arisha ninayouziwa kwenye kikopo kisicho na maandishi.

Mwezi uliopita nilikwenda zahanati moja wakanipiga utrasaundi, wakasema nina vivimbe vingi kwenye ovari zote mbili, kwamba ni mvurugiko wa homoni, na kwamba nisiponunua dozi ya kusafisha kizazi ya shilingi 180,000 nitaishia kufanyiwa upasuaji. Shangazi anasema ni chango na ameniletea mizizi ya kuchemsha. Rafiki yangu anasema nizae tu, yote yataisha. Nina mchumba ambaye kwao wameshaleta barua ya posa, na sijamwambia lolote. Sijawahi kutumia sindano wala kijiti cha uzazi wa mpango, ila mwaka jana nilimeza vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mara tatu.

Naomba unieleze kama mimi ni mgumba, na kama ni kweli kwamba damu isiyotoka ndiyo inayogeuka kuwa mafuta mwilini. Pia mdogo wangu ana miaka 14, alivunja ungo mwaka jana, naye huruka miezi. Mama anaogopa kwamba ni ugonjwa huu huu.

Binti wa Kirumba

JIBU

Marahaba, binti yangu. Hesabu uliyoiandika kwenye daftari imenisaidia kuliko ile picha ya utrasaundi. Kwa mwanamke mzima, tangu siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata hupita siku 21 hadi 35, na anayepata hedhi chini ya mara nane kwa mwaka tunachukulia kwamba yai lake halipevuki na kutoka kila mwezi kama inavyotakiwa. Wewe umepata mara tano. Ukiongeza ndevu za kidevuni, chunusi, shingo iliyokoza weusi na uzito ulioongezeka kilo 21 ndani ya miaka mitatu, dalili zako zinaelekea upande mmoja, nami nitakuambia ni upande gani, ingawa siwezi kuthibitisha ugonjwa kwa barua.

Ila kabla ya yote, pima mimba, hata kama unaona haiwezekani. Hedhi ya kuruka huwazoesha mabinti kutoshtuka inapokosekana, na wapo wanaokuja kliniki kutibiwa homoni huku mtoto ana miezi minne tumboni.

Ninachokishuku ni hali ambayo hospitalini utasikia ikiitwa PCOS, kifupi cha Kiingereza cha “polycystic ovary syndrome”, yaani hali ya ovari zenye vifuko vingi, ambayo inampata mwanamke mmoja kati ya kumi hivi walio katika umri wa kuzaa, na ambayo wengi wao hawajui kwamba wanayo. Wataalamu waliokutana Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003 walikubaliana kwamba mwanamke mzima atahesabiwa kuwa nayo akiwa na mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha kuonyesha kwamba homoni za kiume zimezidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye utrasaundi. Hayo yote ni baada ya magonjwa mengine yanayofanana nayo kuondolewa shaka. Wewe tayari una mawili ya kwanza bila hata kupigwa picha. Ndiyo maana nasema daftari lako lina thamani kuliko karatasi uliyopewa zahanati.

Sasa tuvizungumzie hivyo vivimbe, kwa kuwa ndivyo vilivyokunyima usingizi. Ovari ya kila mwanamke ina vifuko vidogo sana ambamo mayai hukulia. Kila mwezi vifuko kadhaa huanza kukua, kimoja huwashinda wenzake, hukomaa, hupasuka na kuachia yai, na vingine hunyauka. Katika hali hii vinaanza kukua kwa pamoja kisha vinakwama njiani vikiwa na ukubwa wa milimita chache tu, hakuna kinachomshinda mwenzake, na hivyo hakuna yai linalotoka. Mpiga picha akitazama anaona vidoa vyeusi vingi vimejipanga pembezoni mwa ovari. Hivyo ni vifuko vya mayai yako mwenyewe vilivyosimama kabla ya wakati. Haviozi, havihitaji kusafishwa wala kukatwa, na wapo mabinti wenye afya njema na hedhi ya kila mwezi ambao ovari zao hutoa picha hiyo hiyo.

Dhana ya kukata ina historia yake. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walieleza habari za wanawake saba waliokuwa na ovari kubwa zenye vifuko vingi na hedhi zilizopotea, na walipokata kipande cha ovari zao hedhi zikarudi. Kwa miongo kadhaa baadaye upasuaji huo ndio uliokuwa tiba, ingawa uliwaachia baadhi ya wanawake makovu yaliyoziba njia ya mayai na kuleta ugumba uleule uliokuwa ukikimbiwa. Dawa za kumeza zilipopatikana, kisu kikawekwa kando. Leo upasuaji wa aina yake, wa kutumia matundu madogo, umebaki kwa wachache wanaotafuta mtoto na ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia. Wewe hujafika huko, na aliyekutishia upasuaji ili ununue dozi alikuwa akifanya biashara.

Umeuliza kama damu isiyotoka inageuka kuwa mafuta. Haigeuki, kwa sababu hakuna damu iliyojificha mahali ikisubiri kutoka. Hedhi ni utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unaojengwa kwa homoni ya estrojeni, ukatulizwa na homoni ya projesteroni inayotoka baada ya yai kupevuka, kisha ukabomoka mimba isipotunga. Yai lisipotoka, projesteroni haipatikani, na utando unaendelea kujengwa wiki baada ya wiki mpaka unakuwa mnene kupita kiasi na kuanza kumeguka wenyewe bila utaratibu. Hizo ndizo siku zako kumi za damu nzito baada ya miezi mitatu ya ukimya.

Hapa ndipo ninapotaka usikilize kwa makini, kwa maana naona kila mtu aliyekushauri amezungumzia unene na uzazi, na hakuna aliyezungumzia utando huu. Ukiachwa ujijenge kwa miaka bila kushuka, seli zake zinaweza kubadilika na hatimaye kuzaa saratani ya mfuko wa uzazi. Kwa umri wako hatari hiyo bado ni ndogo, wala sikutaji saratani ili nikutie hofu. Ila haifai kupitisha siku 90 bila hedhi na bila kumwona daktari, kwa kuwa ipo dawa ya aina ya projesteroni, ya kumezwa kwa siku 10 hadi 14, ambayo kwa kawaida ukiimaliza utando hushuka ndani ya siku chache. Hata kama hutaki mtoto, hata kama hutaki kupungua hata kilo moja, hilo pekee ni sababu ya kutosha ya kutibiwa.

Kuhusu unene kuharibu hedhi au hedhi kuleta unene, jibu ni kwamba yote mawili yanatoka kwenye shina moja. Kongosho hutoa insulini ili sukari ya chakula iingie kwenye misuli. Kwa wengi wenye hali hii, mwili unakuwa mzito wa kuisikia insulini, hivyo kongosho linalazimika kuitoa kwa wingi zaidi, kama mtu anayepaza sauti kwa kiziwi. Insulini hiyo ya ziada inasukuma ovari zitengeneze homoni za kiume kwa wingi, na ndizo zinazokwamisha mayai na kuotesha ndevu. Pia inafanya iwe rahisi mwili kuweka mafuta, hasa kiunoni na tumboni, na mafuta hayo yakizidi mwili unazidi kuwa kiziwi. Insulini hiyo hiyo huchochea ngozi ya shingo na makwapa ikue haraka, ikawa nene na nyeusi. Mwambie mama, kwa heshima, kwamba ule si uchafu na kwamba dodoki linaikera ngozi tu. Wapo pia wanawake wembamba wenye hali hii, kwa hiyo anayesema umejiletea kwa kula hajui anachokisema.

Lakini katika barua yako kuna kitu ambacho umekitaja kwa kupita, nami sikukipita: ile krimu ya kikopo kisicho na maandishi. Nyingi ya krimu za kuchanganya huwa na dawa kali za jamii ya steroidi kama klobetasoli, ambazo zikipakwa eneo kubwa la mwili kwa muda mrefu huingia kwenye damu. Zinaweza kunenepesha uso na tumbo, kuleta chunusi, kuotesha vinyweleo, kupandisha sukari na presha, na kuvuruga hedhi. Matokeo hayohayo huwapata mabinti wanaomeza vidonge vya deksamethasoni ili waongeze makalio na mashavu, nami siku hizi siachi kuwauliza wagonjwa wangu kuhusu vidonge hivyo, kwa kuwa wengi hawavihesabu kuwa dawa. Tatizo lako lilianza kabla ya krimu, kwa hiyo siitupii lawama yote, lakini beba kikopo hicho hospitalini. Usiikatishe ghafla kabla ya kuonana na daktari kama unaipaka mwili mzima, kwa sababu mwili uliozoea steroidi nyingi unaweza kuishiwa nguvu ukinyimwa mara moja. Vile vidonge vya dharura vilivyomezwa mara tatu vinaweza kusogeza hedhi moja mbele au nyuma, ila haviwezi kueleza miaka mitatu.

Nenda kliniki ya magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa. Hapo Mwanza mnayo ya Sekou Toure, na ikihitajika watakupeleka Bugando. Baada ya kipimo cha mimba, daktari atataka kupima homoni ya tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, kwa sababu zote mbili zikienda kombo zinazuia hedhi na zina tiba zake tofauti kabisa. Atapima testosteroni, ambayo ni homoni ya kiume, wingi wa damu kwa kuwa unatoka sana, sukari, mafuta ya kwenye damu na presha. Kipimo cha sukari ni cha lazima, maana wenye hali hii hupata kisukari cha ukubwani mapema kuliko wenzao. Ikiwezekana omba kile cha kunywa maji ya glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili, kwa kuwa cha asubuhi pekee kinaweza kutoka kizuri wakati mwili tayari umeanza kulemewa. Kama ndevu zingekuwa zimeota ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito au nywele za utosini zikapukutika ghafla, ningekutaka uende leo, kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za uvimbe wa kweli unaotoa homoni. Vivyo hivyo, ukifika mahali pa kulowanisha taulo moja kila saa, usisubiri miadi.

Ikithibitishwa kwamba ni PCOS, tiba hutegemea unachokitaka kwa sasa. Ikiwa mtoto si wa mwaka huu, vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango ndivyo vinavyotumika zaidi, kwani vinaulinda utando, vinapanga hedhi na vinapunguza ndevu na chunusi, japo ndevu huchukua miezi sita au zaidi kuonyesha nafuu. Mweleze daktari kama una presha, kama umewahi kuganda damu mguuni, au kama huumwa kichwa cha upande mmoja kinachotanguliwa na kuona mimeremeto machoni, kwa kuwa vidonge hivyo havimfai kila mtu. Metformini, ileile ya kisukari, husaidia mwili uisikie insulini. Siku za mwanzo huchafua tumbo, hivyo huanzwa kwa kiwango kidogo pamoja na chakula. Ama dozi ya kusafisha kizazi, mfuko wa uzazi hauna taka ya kusafishwa, na hizo 180,000 zitakulipia vipimo. Shangazi mshukuru kwa upendo wake. Mizizi usiyoijua kiwango chake siishauri, hasa kabla ya kujua hali ya mimba.

Sikuambii upungue hadi kilo 58. Asilimia tano ya uzito wako ni kilo nne tu, na kwa wanawake wengi kupungua kati ya asilimia tano na kumi kunatosha kulirudisha yai kwenye njia yake. Siku yako ya sasa inaifanyia insulini kazi mbaya: njaa asubuhi, sukari tupu mchana, na shibe usiku kabla ya kulala. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane au zaidi, na maandazi ni unga mweupe, sukari na mafuta. Hakuna chakula maalumu kilichothibitika kuishinda hali hii, kwa hiyo usinunue unga wala chai ya kupunguza mwili. Beba chakula kutoka nyumbani: maharage au dagaa, ambao Mwanza hawajawahi kuwa tatizo, pamoja na mchicha au matembele na kipande cha muhogo au ugali wa dona wa kiasi, na unywe maji. Asubuhi yai la kuchemsha na chai isiyo na sukari nyingi inatosha. Kibanda kinakukalisha kutwa, basi shuka kwenye daladala vituo viwili kabla na utembee kwa haraka, ujumlishe angalau dakika 150 kwa wiki, na mara mbili kwa wiki fanya kazi ya kutumia misuli, hata kama ni kuchuchumaa na kusimama mara nyingi au kubeba ndoo.

Sasa kuhusu ugumba. Mgumba hujulikana kwa kutafuta mtoto na kumkosa, nawe hujaanza kutafuta. Mwanamke mwenye hali hii bado ana mayai, tena mengi, kilichokwama ni utaratibu wa kuyaachia. Wengi huzaa, baadhi bila dawa yoyote na wengine kwa dawa za kumeza za kupevusha yai, ambapo letrozoli ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza siku hizi na klomifeni inaifuata. Wewe ukishaolewa na kutaka mtoto, usisubiri mwaka mzima kama wanavyoambiwa wenye hedhi ya kila mwezi. Nenda mapema, na sukari ipimwe tangu mimba ikiwa changa, maana kisukari na presha ya mimba huwapata zaidi wenye hali hii. Kuzaa hakuiponyi. Baada ya mtoto hedhi huweza kuruka tena kama zamani. Na kwa kuwa yai linaweza kutoka mwezi wowote bila kukuarifu, kama hamtaki mimba sasa, msitegemee kukosekana kwa hedhi kuwa ndiyo kinga yenu.

Mchumba wako ana haki ya kujua, lakini mweleze ukiwa na majibu ya vipimo mkononi, wala usimpelekee neno “vivimbe” ulilopewa zahanati. Ikiwezekana aje naye kliniki asikie mwenyewe. Nimeona pia kwamba barua yako yote ina aibu ndani yake, ya shingo, ya ndevu, ya watu wanaosema umenawiri. Huzuni na wasiwasi huwapata sana wenye hali hii, kwa hiyo ukiona usingizi unakukimbia au unakwepa watu, litaje nalo kwa daktari bila kuona haya.

Mdogo wako mwacheni. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo hedhi hutangatanga kwa karibu kila binti, na hadi mwaka wa tatu mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida. Asipigwe utrasaundi ya kutafuta vifuko, kwa sababu ovari za umri huo huwa navyo kwa asili, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unashauri picha hiyo isitumike kutambua hali hii kabla ya miaka minane kupita tangu hedhi ya kwanza. Kwa kuwa hali hii hutembea katika familia, mpe daftari lake naye aanze kuandika tarehe. Akipitisha siku 90 bila hedhi baada ya mwaka huu wa kwanza, au akiota ndevu kama zako, aje.

Wewe usisubiri hedhi ije ndipo uende hospitali. Vipimo nilivyokutajia vinaweza kuchukuliwa siku yoyote, na asubuhi hiyo ondoka nyumbani bila kula, ukiwa na daftari, karatasi ya utrasaundi na kile kikopo cha krimu.